SPARCstation 5 ya mjomba inawaka, lakini inasema IDPROM si halali: nianzie wapi?

mpwa_wa_ramani

Wakuu, habari zenu. Mjomba wangu alikuwa mchoraji wa ramani, na alipostaafu alipewa kompyuta aliyokuwa akiifanyia kazi. Ni Sun SPARCstation 5, lile sanduku bapa la kijivu ambalo monita hukaa juu yake. Haijawashwa tangu 2003. Mjomba yu hai, akili yake nzima, na kila nikimtembelea ananiuliza kama ramani zake bado zimo. Nimemwahidi nitaangalia.

Juzi nikaiwasha. Diski ikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, ikatulia, kisha monita ikaandika:

`The IDPROM contents are invalid`

Chini yake: Ethernet address ff:ff:ff:ff:ff:ff, Host ID ffffffff. Halafu, badala ya kwenda kwenye diski, ikaanza kutafuta mtandao na kurudia sentensi moja bila kukoma: `Internal loopback test -- Did not receive expected loopback packet`. Nikabonyeza Stop na A kwa pamoja kama nilivyosoma, ikanipa neno `ok`. Hapo nikaogopa kuharibu kitu, nikazima.

Ninavyo: kibodi yake, mausi, monita yake nzito ya kioo ambayo inafanya kazi, na CD za Solaris 2.6, mfumo endeshi wa Sun. Unix naijua kiasi, natumia Linux kila siku. Je, mashine imekufa? Na nikianza, nianze na lipi ili nisije nikapoteza kazi ya mtu ya miaka mingi?

usiku_wa_netbsd

Haijakufa. Hiyo ni betri ya NVRAM tu (kumbukumbu ndogo inayoshika utambulisho wa mashine), zote za umri huo zinafanya hivyo. Ushauri wangu: toa diski hiyo ya zamani, weka BlueSCSI (kibodi kidogo kinachojifanya diski ya SCSI) na kadi ya microSD, sanikisha NetBSD, mfumo huria wa aina ya Unix. NetBSD bado inazihudumia SPARC za biti 32, OpenBSD waliziacha baada ya toleo la 5.9 mwaka 2016. Utapata mashine kimya, yenye mfumo wa kisasa, na saa yake haitakwama 2038. Kama unataka tu kuonja Solaris ya zamani, QEMU, programu ya kuiga kompyuta, ina mashine ya SS-5 tayari, huhitaji hata kugusa chuma.

nyuzi_na_risasi

Mpwa, karibu. Kwanza umefanya vizuri kuzima. Iache hivyo hivyo mpaka umalize kusoma hapa.

Ndugu usiku_wa_netbsd yuko sahihi kuhusu betri, na NetBSD naipenda, ninayo kwenye mashine mbili. Lakini hapa kuna ramani za mtu aliye hai anayezisubiri. Kwa hiyo mpangilio unageuka: diski kwanza, mengine yote baadaye.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa SGI Indy, ile ya buluu ya 1993. Ilikuja na IRIX 5.3, mfumo endeshi wa SGI, na diski iliyokuwa imetumiwa na mtu wa picha za uhuishaji. Nilikuwa na hamu ya kuona IRIX 6.5, nikaingiza CD, nikaigawa diski upya kwa fx, programu ya IRIX ya kugawa diski, usiku ule ule. Wiki mbili baadaye aliyenipa akaniuliza kama naweza kumtolea michoro yake ya zamani. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika hata baiti moja kwenye diski iliyokuja na mashine kabla sijainakili.

Sasa tuje kwenye mashine yako. Ndani ya SS5 kuna chipu iitwayo M48T08, pini 28, imekaa kwenye soketi. Ndani ya mwili mmoja wa plastiki mna kumbukumbu ndogo, saa, kristali na betri ya lithiamu. Betri iliundwa idumu miaka kumi hivi, na yako imekwisha zamani. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuwa inashika utambulisho wa mashine: anwani ya Ethernet na Host ID. Ikisahau, kila kitu kinakuwa ff. Vilevile kipengele cha `diag-switch?` kinajikuta kwenye true, na kikiwa hivyo mashine huenda kwenye mtandao badala ya diski. Ndiyo maana ulikuwa unaona ule wimbo wa loopback. Mashine inajaribu kuongea mtandaoni ikiwa na anwani isiyo anwani.

Kabla ya kuwasha tena, fungua kifuniko uangalie usambazaji wa umeme, yaani power supply. Nusa. Kapasita zinazovuja huwa na harufu kama ya samaki aliyeharibika, na huacha unyevu wa kahawia chini yake. Kama kuna dalili hiyo, usiwashe, tafuta fundi azibadilishe. Kama pakavu, endelea.

Sasa jambo ambalo wengi wanalipita. Tafuta hiyo chipu kwenye bodi. Juu yake kwa kawaida kuna kibandiko kidogo cha msimbo wa mistari chenye herufi na tarakimu sita. USIKITOE, usikifute kwa spiriti. Kipige picha. Tarakimu hizo ndizo sehemu ya mwisho ya anwani ya Ethernet ya mashine hiyo, na kwa kawaida ndizo zilizo mwishoni mwa Host ID pia. Programu kubwa za zamani za uchoraji zilikuwa na leseni iliyofungwa kwa Host ID ya mashine moja. Ukiipa mashine namba ya kubuni, Solaris itawaka vizuri kabisa, lakini programu ya mjomba huenda ikakataa kufunguka, na utadhani diski ndiyo mbovu.

Mtandaoni utakuta watu wote wanaandika mfano huu:

`set-defaults`
`setenv diag-switch? false`
`8 0 20 c0 ff ee c0ffee mkpl`

Ukishaandika mstari wa mwisho, `ok` hairudi. Bonyeza Control-D, kisha Control-R, nalo tangazo la hakimiliki litatokea. Hapo imekubali. Lakini c0ffee ni mfano. Wewe weka sita za kwenye kibandiko: mbili mbili kwanza, halafu zote sita pamoja. 8 0 20 zinabaki, hizo ni za Sun. Bila betri itakumbuka mpaka utakapozima tu, ila kwa kazi ya kunakili inatosha.

Kisha andika `probe-scsi`. Diski ya ndani huwa namba 3, CD namba 6. Ukiiona namba 3 na jina lake, pumua.

Kunakili: choma CD ya NetBSD/sparc, `boot cdrom`, ukifika kwenye menyu ya usanikishaji toka uingie kwenye sheli. Usisanikishe chochote. Upande wa Linux yako fungua saraka kwa NFS (njia ya kushiriki faili mtandaoni), halafu kwenye sheli ya Sun:

`ifconfig le0 192.168.1.20 up`
`mount -t nfs 192.168.1.5:/hifadhi /mnt`
`dd if=/dev/rsd0c of=/mnt/mjomba.img bs=512 conv=noerror,sync`

Herufi c ni diski nzima. Nimeweka 512 makusudi. Ni polepole, lakini sehemu mbovu ikitokea unapoteza baiti 512 tu badala ya kipande kikubwa. Mtandao wa mashine hiyo ni megabiti 10, kwa hiyo iache saa kadhaa na usiiguse. Na usichomoe kibodi ikiwa inafanya kazi. Sun huisoma hiyo kama amri ya kusimama, itakurudisha kwenye `ok` katikati ya nakala.

Ukipata faili hiyo, nakili mara mbili, sehemu mbili tofauti. Linux inaweza kuisoma kwa chaguo la ufstype=sun (muundo wa faili wa Sun), ifungue kwa kusoma tu. Baada ya hapo tuzungumze betri.

usiku_wa_netbsd

Nakubali, sikufikiria leseni. Naongeza: kama CD haiwaki, si lazima iwe imeharibika. Mashine hizi zinataka kiendeshi cha CD kinachotoa bloku za baiti 512, vya kawaida vingi hutoa 2048 tu. Cha ndani cha Sun hakina shida hiyo, lakini lenzi zake zimechoka. Kikishindikana, buti kwa mtandao. SS5 itauliza anwani yake ya IP kwa RARP, kisha itaomba kwa TFTP (itifaki rahisi ya kuvuta faili) faili ambayo jina lake ni anwani yenyewe kwa heksadesimali. Kwa 192.168.1.20 faili iitwe C0A80114.SUN4M. Mimi nilipoteza jioni mbili kwa sababu nilikuwa nimeandika kwa herufi ndogo.

mpwa_wa_ramani

Jamani, asanteni sana. Usambazaji wa umeme ni mkavu, hauna harufu. Kibandiko kipo, cha manjano, kimefifia lakini kinasomeka. Tarakimu sitaziweka hapa, ila mkpl imekubali na namba 3 imeonekana.

CD ilikataa kweli, kiendeshi kinageuka kisha kinanyamaza. Nikaenda kwa RARP na TFTP, ikawaka mara ya pili. dd imechukua usiku mzima. Imeandika makosa mahali pawili, ikaendelea. Nimefungua faili kwenye Linux na nimeona saraka ya mjomba, ina mamia ya faili. Sikuzigusa.

Sasa betri. Ninunue chipu nyingine, au nifungue hii? Nina mkono mzuri wa kuchomea risasi, nimetengeneza redio.

nyuzi_na_risasi

Hongera! Makosa mawili kwa diski ya umri huo ni machache mno.

Chipu nyingine inafaa, ila pima betri yake kabla ya kuiamini, maana hata isipotumika inazeeka. Kwa mkono wako, mimi ningefungua hii hii. Nieleze nilivyofanya yangu.

Niliitoa kwenye soketi kwa kuinua kidogo huku, kidogo kule, ili pini zisipinde. Kabla ya kuitoa chora alama ya upande wenye kikato, ukiirudisha kinyume utaiua. Nikaibana kwenye kishikio kidogo, nikachukua tupa ndogo bapa na kuanza kukwangua ukingo wa juu upande wenye nyaya za betri. Upande wa pili una kristali ya saa, usiuguse, kwa hiyo tafuta picha za chipu hiyo hiyo uhakikishe ni upande upi. Plastiki inatoka kama unga mweusi, na unga huo vaa barakoa usiuvute. Baada ya dakika kumi hivi, vikaanza kung'aa vidoti viwili vya shaba. Nikaacha tupa, nikaendelea na ncha ya kisu mpaka nikapata nafasi ya risasi.

Pima kwa mita kabla ya kukata, ujue chanya ni ipi. Hata betri iliyokufa huwa na volti kidogo ya kukuonyesha, yangu ilisoma 0.4. Kisha kata kabisa njia ya kwenda juu kwenye betri ya zamani, la sivyo betri mpya itakuwa inaijaza maiti. Kwenye mabaki ya chini, yanayoelekea kwenye chipu, chomea nyaya mbili nyembamba, na mwisho wake kishikio cha CR2032. Mimi nilikigandisha juu ya chipu yenyewe kwa tepu ya povu. Siku ikiisha unabadilisha betri kama ya saa ya ukutani.

Ukishairudisha, rudia set-defaults na mkpl, zima, kaa dakika tano, washa. Kama anwani ni ile ile, kazi imekwisha.

Kuhusu diski: iache ipumzike. Weka nakala kwenye microSD kupitia BlueSCSI au ZuluSCSI. Ndani ya SS5 diski ni za pini 80, kwa hiyo utahitaji adapta ya kwenda 50. Faili iite HD30_512.hda: HD ni diski, 3 ni namba ya SCSI, 0 ni LUN (namba ya kifaa ndani ya namba hiyo ya SCSI), 512 ni ukubwa wa bloku kwa baiti. Mashine haitajua tofauti, itakuta namba 3 palepale ilipoizoea.

Na usiiunganishe moja kwa moja na intaneti. Solaris ya 1997 inaacha telnet na rlogin wazi na kila nenosiri linapita bila kufichwa. Ikae kwenye mtandao wake na Linux yako tu.

Ikiomba nenosiri la root na hulijui: buti kutoka kwenye CD ya Solaris kwa -s (utahitaji kiendeshi kizima), pachika c0t3d0s0 kwenye /a, futa sehemu ya nenosiri la root ndani ya /a/etc/shadow. Fanya hivyo kwenye nakala, si kwenye diski halisi.

mpwa_wa_ramani

Narudi na habari. Chipu imekubali. Nimezima usiku, asubuhi anwani ni ile ile na saa inatembea. Diski ya zamani iko kwenye mfuko wake, nimeiandika tarehe.

Nenosiri sikulihitaji. Nilimleta mjomba akae mbele yake. Ilipofika kwenye skrini ya kuingia nikamuuliza kama analikumbuka, akasema hapana. Kisha akaweka mikono kwenye kibodi akaandika bila kuangalia, na ikafunguka. Mpaka sasa hawezi kuniambia ni herufi gani.

Programu ya ramani imefunguka bila kulalamika leseni. Faili mbili hazikufunguka, nadhani ndiko makosa yale yaliko. Nyingine zote zipo. Ya kwanza aliyoitafuta ni ya mto, mistari ya kontua kila mita tano. Aliikuza mpaka kwenye kona moja, akanionyesha mahali mstari unapopinda, akasema: "Hapa nilikosea, sikupata nafasi ya kurekebisha."

Anarekebisha sasa hivi. Swali langu linalobaki: SS5 hii itakubali kuprinti kupitia Linux yangu kwa lpd (huduma ya kuprinti mtandaoni), au nimtolee faili ya PostScript, lugha ya printa, niiprinti mwenyewe?

nyuzi_na_risasi

Mtolee PostScript kwenye faili, ivute kwa FTP, printa ya kisasa utaipata kirahisi kutoka Linux. lpd tutaifanya wiki ijayo, Solaris 2.6 ina namna yake ya kupanga printa kwa amri ya lpadmin na inahitaji kikao kizima. Mwache mjomba amalize kona yake kwanza, na mwambie ahifadhi faili kwa jina jipya.