Naomba ushauri: Ubuntu ina intaneti lakini masasisho yanagoma

Habari zenu wataalamu. Natumia Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux) kwenye kompyuta ya mezani katika steshenari yangu hapa Moshi, na tangu nibadilishe ruta wiki iliyopita masasisho hayaingii kabisa. Nikituma ping (jaribio la mawasiliano) kwa 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, majibu yanarudi vizuri, lakini amri ya sudo apt update inakwama kwenye asilimia 0, kisha inasema imeshindwa kutambua archive.ubuntu.com, seva ya masasisho, jambo linalonifanya niamini kwamba tatizo liko kwenye DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), si kwenye waya. Faili ya /etc/resolv.conf, inayotaja seva ya DNS ya kutumia, inaonyesha 127.0.0.53 tu (anwani ya ndani ya mashine yenyewe), na nilipoandika 8.8.8.8 humo kwa mkono, ilifutika nilipowasha upya mashine. Je, anwani ya DNS niiweke wapi ili idumu, bila kuvuruga printa inayotumia ruta hiyohiyo?