De Nobili aliuheshimu Uhindu, au aliusoma ili aubomoe?

MLETA MADA: Wakuu, kila wakitajwa wamisionari wa Kikatoliki India, hakosi mtu wa kumleta Roberto de Nobili kama ushahidi kwamba Kanisa liliuheshimu Uhindu. Mimi nakataa. Ni kweli, Mjesuiti huyu (padri wa Shirika la Yesu) alipofika Madurai, kusini mwa India, mwaka 1606 aliacha kanzu ya kipadri akavaa kama mtawa wa Kihindu, akaacha nyama, akajifunza Kitamili na Kisanskriti. Lakini uzi wa Wabrahmini (tabaka la juu, la makuhani wa Kihindu) na kishungi chao cha nywele aliwatetea waongofu wake wavibakize kwa hoja kwamba ni desturi za kijamii, dini haimo. Papa Gregori XV akamkubalia mwaka 1623. Dini yenyewe je? Aliihesabu upotofu na akaandika kuipinga. Heshima iko wapi hapo?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, mtazame kwa kumlinganisha na wenzake. Wareno walishabomoa mahekalu kisiwani Goa mwaka 1540. Fransisko Ksaveri, mtakatifu tunayemwomba, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1546 akitaka Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu wazushi, ipelekwe India, na ikaanza Goa mwaka 1560. Mbele ya hayo, padri anayekaa chini kusoma Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, anashtakiwa na Wakatoliki wenzake kuwa amegeuka mpagani. Tofauti hiyo unaifuta kirahisi mno.

MLETA MADA: Siifuti, ila tuseme nani aliilipia. Ili Wabrahmini wamkubali, de Nobili alijitenga na Wakristo wa tabaka la chini, hata chakula hakula nao. Hilo linaniuma kuliko vitabu vyake vyote. Afadhali Ippolito Desideri, Mjesuiti mwingine, aliyefika Lhasa huko Tibet mwaka 1716, akasoma na watawa wa Kibudha wa monasteri ya Sera, kisha akajibu fundisho la kuzaliwa upya kwa Kitibeti chao wenyewe. Alipinga, lakini alimchukulia Mbudha kama mtu mwenye akili.

MCHANGIAJI WA PILI: Na maandishi ya Desideri hayakuchapishwa enzi za uhai wake. Kwa hiyo wanaosema Nostra Aetate ya 1965, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano linalosema kwamba Kanisa halikatai lolote la kweli na takatifu katika dini zisizo za Kikristo, ni matunda ya moja kwa moja ya mapadri hao, watuonyeshe njia ilipopita. Mimi naona karne nzima ya 19 katikati, na waliotumwa wakati huo wengi waliendelea kuona ibada ya sanamu tu.