Taa nyeupe ipo, feni inazunguka, TV nyeusi: mafundi acheni kutuambia "GPU imekufa" bila kupima

Wakuu, sina salamu ndefu leo. Nimevurugwa.

Nina PS4 Slim, mashine ya gemu ya Sony. Iliacha kutoa picha ghafla. Ukibonyeza kitufe inalia, taa inaanza bluu, inageuka nyeupe, feni inazunguka, halafu TV inakaa nyeusi kama hakuna kilichochomekwa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, jina silitaji wala mtaa sitaji. Jamaa hakuuliza swali hata moja. Hakuichomeka kwenye TV yake. Alimulika tochi ya simu kwenye tundu la HDMI, akasema pini zimepinda, soketi inabadilishwa, shilingi 60,000, njoo jioni. Jioni ikawa njoo kesho. Kesho yenyewe ananiambia, "Braza, soketi nimeweka mpya ila GPU ndiyo imekufa. Hii haiponi. Niachie kwa 80,000 niifanye spea." GPU ndiyo sehemu inayochora picha.

Na ile 60,000? Hairudi, kwa sababu "kazi nimefanya".

Kilichonipandisha hasira zaidi siyo hela. Ni ule uhakika wake. Mtu hajashika mita ya kupimia umeme, hajafungua mchoro, ila anatangaza kifo na papo hapo ana bei ya kununua maiti.

Nikaichukua nikaondoka nayo. Nyumbani nikaiwasha hivyohivyo bila picha, nikachomeka pedi kwa waya wa USB, nikabonyeza kitufe cha PS, pedi ikawaka bluu. Kwa anayejua, hapo tayari mashine imeshaingia kwenye akaunti. Nikachukua simu ya mdogo wangu, ambayo tulishaiunganisha zamani kwa Remote Play (programu ya kuchezea PS4 kupitia simu), nikaiweka kwenye Wi-Fi moja na mashine. Wakuu, picha hiyo hapo. Menyu yote, gemu zote. Dogo akafungua FIFA akacheza mechi nzima kwenye kioo cha simu, bila hata mstari mmoja wa ajabu.

Sasa fundi aje anieleze. Kwenye PS4, CPU (ubongo wa mashine) na GPU ziko ndani ya chipu moja ya AMD. Hiyo ndiyo inayochora kila kitu unachokiona, na picha inayotumwa kwenye simu inatoka humohumo. GPU ikiwa imekufa, dogo alikuwa anacheza nini? Mzuka?

Tatizo linabaki kwenye kipande kidogo tu cha njia. Picha ikitoka kwenye chipu kubwa inapita kwenye chipu ndogo ya HDMI (kwenye Slim na Pro ni MN864729 ya Panasonic), inapita kwenye vichujio vidogo mno, ndiyo inafika kwenye soketi. Soketi ina pini 19. Nane kati ya hizo ndizo za picha, zinakwenda kwa jozi nne: tatu zinabeba picha yenyewe, moja inabeba mapigo ya kuiongoza. Ya 18 inabeba volti 5, na ya 19 ndiyo inayoiambia mashine kwamba kuna TV upande wa pili. Ukiweka mita kwenye alama ya dayodi na kugusa pini moja moja, pini za jozi zinatakiwa zisomeke karibu sawa. Ikisoma sifuri pale isipotakiwa, kuna shoti au chipu imeungua. Isiposoma kabisa, solda haijashika au kichujio kimekatika. Ni kazi ya dakika chache, na mita ya bei poa inatosha. Yeye mita alikuwa nayo mezani, imewekewa chaja ya simu juu.

Halafu niangalie na hiyo soketi "mpya". Ule ulimi wa plastiki wa ndani umebadilika rangi ukawa kahawia na unacheza ukiugusa. Maana yake amepuliza bloa mpaka plastiki ikaanza kuyeyuka. Joto la namna hiyo linang'oa hata vile vijishaba vya kwenye bodi ambavyo pini zinakaa juu yake. Kwa hiyo inawezekana kabisa niliingia na ugonjwa mmoja nikatoka na miwili. Skrubu mbili za chini hazipo. Risiti hakuna, kumbukumbu pekee ya kwamba mashine ililala pale ni kipande cha selotepu chenye namba yangu ya simu.

Najua kuna watakaoniambia niende Tume ya Ushindani, sheria ya mwaka 2003 inamlinda mlaji. Sawa. Nikawaonyeshe selotepu?

Na kwa wale ambao TV imewagomea leo, kabla hujabeba mashine kwenda kuibiwa, fanya haya kwanza. Badilisha waya, badilisha tundu kwenye TV, jaribu TV ya jirani. Mimi nilifanya yote. Ikigoma, zima mashine kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie. Utasikia mlio wa kwanza, subiri kama sekunde saba utasikia wa pili, achia. Hiyo ni sefu modi, yaani hali ya dharura ya mashine. Pedi lazima iwe kwenye waya wa USB. Kama picha inatokea hapo, njia ya picha ni nzima, huenda ni rezolusheni tu imepishana na TV, ingia kipengele cha pili urekebishe. Kipengele cha sita na cha saba usiviguse, vinafuta kila kitu. Wa PS3 nao ni hivyohivyo, shikilia hadi mlio wa pili, mipangilio ya picha inajirudisha yenyewe. Wenye TV za chogo mnajua PS4 haina matundu ya AV kama PS2, kwa hiyo mkiona giza anzeni kukishuku kile kibadilishi chenu.

Taa nayo inasema. Nyeupe iliyotulia maana yake mashine imewaka. Bluu inayopumua kisha inazima, hiyo ni habari nyingine na hapo kweli bodi inaweza kuwa na shida kubwa. Yangu ni nyeupe. Nilimwambia fundi mara tu nilipofika, akaniitikia "ndiyo ndiyo" huku anachat.

Msije kuniambia "nunua PS5 mkuu". Siku mkinichangia nitanunua. Wala msije na "fundi naye anatafuta riziki". Mashine ngapi za watu zimeachwa mezani pale kwa 80,000, baadaye zikapona kimiujiza na kupangwa kabatini zikiwa na bei mpya? Hilo sina ushahidi nalo, ila mwenye kabati analijua.

Mafundi mliomo humu, na najua mpo, jibuni kitu kimoja: kwa nini mnalipisha kubadilisha soketi kabla ya kupima pini na njia zake? Kama chipu ya HDMI ndiyo mbovu, soketi hata ya dhahabu haileti picha. Pima, niambie, nikubali au nikatae. Hela ya kupima nitakulipa kwa roho nyeupe.

Ninachohitaji sasa hivi ni fundi wa Dar mwenye hadubini ya mezani, anayekubali nikae pembeni yake wakati anapima, na mwenye chipu ya HDMI ya Slim au anayejua ilipo. Aliyewahi kutengenezewa tatizo hili na ikapona, aseme ni eneo gani na alilipa kiasi gani. Kama fundi mwenyewe alikutajia "GPU" ndani ya dakika tano za kwanza, huyo mwacheni hukohuko.