Pango la bahari: Shimoni, Mangapwani au Kuza?

Baba Mapacha (Tororo): Wakuu, Desemba nataka kuwapeleka watoto pwani waone pango. Shimoni kule Kenya, au Unguja? Nani amefika?

Binti Jinja: Shimoni nimefika. Unashuka ngazi, joto linakupokea, popo juu wanapiga kelele. Ukutani bado kuna vyuma walivyofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa majahazini. Mwanga unapenya kwenye matundu ya juu, mizizi inaning'inia. Pazuri, ila jiandae kwa maswali ya watoto. Na usivae sapatu! Yangu ilikatika kwenye utelezi, nikamaliza mguu mmoja peku.

Mchuuzi_Owino: Kama wanajua kuogelea, pango la Kuza, pale Jambiani, Unguja. Maji maangavu, unahesabu vidole vyako vya miguu. Mangapwani, Unguja hukohuko, watu huchanganya: kuna pango la matumbawe lenye maji matamu ndani, halafu kuna chumba kilichochongwa mwambani kuficha watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku 1873. Hicho cha pili mimi sikiiti pango.

Mtooro: Mbali kote huko kwa nini? Pango la Amabere ga Nyina Mwiru hapa Fort Portal, mawe yanachuruzika maji kama maziwa, na maporomoko mlangoni.

Baba Mapacha: Ndugu yangu, wanataka kuonja chumvi!

Mvuvi Mstaafu: Hakuna aliyetaja bamvua. Sisi wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, tumezoea maji yanayotulia palepale. Pwani yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu; hiyo ndiyo bamvua. Mimi nilivuka kutoka Shimoni kwenda kisiwa cha Wasini bila kuuliza. Kurudi, maji yamekupwa, boti iko kule mbali, tukaifuata tumekunja suruali, mama mkwe mgongoni kwa nahodha. Hajanisamehe. Uliza wavuvi wa pale kwanza, ndipo upange siku.

Binti Jinja: 😂 Na makaratasi je? Kenya pasipoti si lazima, mtu mzima anaingia na kitambulisho cha taifa; ya watoto uliza uhamiaji kwanza. Unguja, pasipoti na kadi ya homa ya manjano.

Baba Mapacha: Pasipoti za watoto hatuna. Basi Shimoni. Mzee, huyo nahodha bado anabeba watu? Mke wangu anauliza.

Mvuvi Mstaafu: Anabeba. Ila atauliza kilo kwanza.