Nyie mnaoshauri "weka Guix juu ya Debian, dakika 10 tu", bando mnanunuliwa na nani?

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira. (Kwa wageni: Debian ni mfumo wa Linux, apt ni kisakinishi chake cha programu, na Guix ni kisakinishi kingine unachoweza kukiweka juu yake.)

Nina laptopu moja, RAM GB 4, mfumo nimeutengea GB 30. Ndiyo inayonilisha hapa Kimara. Nilitaka toleo jipya la programu moja tu, lililoko Debian ni la zamani. Jamaa mmoja, fundi wa magrupu, akanijibu: "Weka Guix mkuu. Haigusi apt yako, programu zake zote zinakaa /gnu/store."

Hilo ni kweli, simbishii. Skripti ya kuiweka ilienda vizuri, ikatengeneza watumiaji wake wa guixbuild, ikawasha guix-daemon (huduma yake inayofanya kazi nyuma ya pazia). Halafu ikauliza: unaruhusu kupakua programu zilizokwisha kujengwa kwenye seva za mradi, yes au no? Nikamuuliza jamaa. "Andika no. Seva ya mtu huijui."

Hapo ndipo aliponimaliza! Ukiandika no, Guix haigombi. Inashusha msimbo na kujenga kila kitu hapohapo kwako, hadi makompaila. Niliamuru guix pull (ya kusasisha Guix yenyewe na orodha yake ya programu) saa 2 usiku. Saa 7 feni inanguruma kama jenereta ya saluni, bando la GB 10 limekwisha, nikaongeza jingine kwa nauli ya mwendokasi (ndiyo, ujinga wangu huo). Asubuhi diski imejaa pomoni. Na kwa kuwa /gnu iko patisheni moja na mfumo, hata kuingia kwenye desktopu ikagoma. Mteja wa Kariakoo anapiga simu, mimi niko kwenye skrini nyeusi nahesabu mafaili.

Nimemrudia jamaa. Unajua kanijibu nini? "Ungesoma mwongozo." Yaani no niliambiwa na yeye, mwongozo nisome mimi!

Nimeusoma. Dawa yenyewe ni mstari mmoja: guix archive --authorize, unaipa ufunguo wa ci.guix.gnu.org, seva ya mradi, ili ikubali zile zilizokwisha kujengwa. Nikapiga na guix gc, inayofagia visivyotumika, nafasi ikarudi. Pull ya pili ilimaliza, ila hizo dakika 10 sijaziona, na bando lililiwa vilevile.

Sasa sikieni hii. Jana usiku nimepitia backports za Debian (hazina yake ya matoleo mapya zaidi) kwa kuchungulia tu. Programu yangu ipo. Toleo lilelile. Apt imeishusha kabla sijamaliza kufunga dirisha la mbu.