Fomula za hesabu kwenye Excel, mwanafunzi asiyeona hazisikii kabisa

MwlUjiji: Wadau habari za saa hizi, nafundisha hesabu sekondari moja huku Kigoma, nina binti haoni, anatumia laptop yenye NVDA (programu inayosoma skrini kwa sauti) na kichwani yuko vizuri kweli. Nimewaandalia Excel ya riba ya mkusanyiko, mtaji 200,000 kama anayenunua dagaa pale Kibirizi akauze bara, riba asilimia 10 kwa mwaka, miaka 2. Ile kanuni nimeiweka kwa Insert halafu Equation, ikapendeza, sasa yeye akipita na mishale kompyuta inasoma namba tu, kanuni kimyaaa. Nikapiga picha nikabandika, vilevile. Inaniuma maana wenzake wanaiona na yeye amekaa tu. Nifanyeje?

Mnyamwezi_Ipuli: Pole mwalimu. Equation ya Excel haikai ndani ya seli, inaelea juu yake kama picha, na mishale inatembea seli kwa seli kwahiyo hawezi kuikuta. Kwenye Word ni tofauti, ukiongeza MathCAT (nyongeza ya NVDA ya kusoma hesabu), NVDA inamsomea mpaka sehemu na vipeo. Kwenye Excel, kanuni iandike ndani ya seli kwa kibodi ya kawaida. Halafu zipe seli majina, nenda kale kaboksi ka kushoto juu andika Mtaji, nyingine Riba, nyingine Miaka (usiandike R peke yake, Excel inaikataa). Inakuwa hivi:
=Mtaji*(1+Riba/100)^Miaka
Kama kanuni iko B5, seli ya pembeni weka =FORMULATEXT(B5), ipo tangu Excel 2013, hapo atasikia jibu na kanuni yake bila kubonyeza F2 kuingia ndani ya seli.

Sikio_Tabora: Mimi mwenyewe sioni, nipo Tabora mjini. Hayo ya juu ni sahihi ila mwambie abonyeze NVDA+P mpaka ifike alama zote, bila hivyo mabano na ile ^ zinarukwa, na hesabu ikikosa mabano ni hesabu nyingine kabisa. Mimi nikianza kanuni mpya napenda pia iandikwe kwa maneno, "mtaji mara, fungua bano, moja jumlisha riba gawanya kwa mia, funga bano, kipeo miaka". Na tafadhali mwalimu usiunganishe seli ili kichwa kikae katikati, tunapotea. Zile ulizokwisha kubandika bonyeza kulia uziwekee Alt Text (maelezo ya maneno yanayosomwa badala ya picha), lakini hiyo ni ya kuzibia tu, hawezi kuipitia alama moja moja.

MwlUjiji: Nimerudi jamani, asanteni sana. Nimekaa usiku nimeandika upya zote, leo kasoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, akasimama kwenye swali la kwanza, "mwalimu mbona miaka miwili imepita hela haijaongezeka hata shilingi?" Naangalia, nimesahau mabano, nimeandika =Mtaji*1+Riba/100^Miaka na seli inaonyesha 200,000. Darasa zima walikuwa wameshainakili. Tumeyarudisha mabano ikaja 242,000.