Fleti ya wageni Mikocheni: nikishakatwa PAYE na LUKU, bado nadaiwa kodi?

Dada wa Mikocheni
Ndugu wanajamvi, salaam. Nimeajiriwa katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, na fleti yangu ya vyumba viwili naipangisha kwa usiku kupitia Airbnb. Jukwaa hukata kamisheni kabla ya kunilipa, mwajiri hunikata PAYE, na kila ninunuapo umeme wa LUKU hukatwa kodi ya majengo. Je, bado kuna kodi ninayodaiwa? Na shoga yangu, ambaye fleti anayopokelea wageni amepanga tu, naye yuko kama mimi?

Mhasibu Kariakoo
Dada, makato yote hayo hayagusi mapato unayopata kwa wageni. Zile shilingi 1,500 za LUKU kwa mwezi ni kodi ya jengo, awemo mgeni au asiwemo, na PAYE ni ya mshahara. Hata kodi ya 2% ambayo watoa huduma za kidijitali wa nje hutozwa tangu mwaka 2022 ni deni lao, si lako.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuhesabu kile kilichoingia benki. Mgeni akilipa shilingi 120,000 nawe ukapokea 102,000, mauzo yako ni 120,000. Zile 18,000 ni gharama, nayo hutolewa pamoja na umeme, maji na ujira wa msafishaji ikiwa tu una kumbukumbu, ambazo sheria inataka zitunzwe kwa miaka 5.

Usidanganywe kwamba utalipa ile kodi ya wafanyabiashara wadogo inayokokotolewa kwa mauzo, kwa sababu imewekwa kwa mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara, na wewe una mshahara. Faida yako itajumlishwa juu ya mshahara, kwa hiyo kama mshahara wenyewe umeshavuka shilingi milioni 1 kwa mwezi, faida yote itaangukia kwenye kiwango cha kodi cha 30%. Peleka makadirio ya mapato yako ya mwaka TRA (Mamlaka ya Mapato) kufikia tarehe 31 Machi, ulipe kwa awamu nne, kisha uwasilishe ritani, yaani taarifa ya mwisho ya mapato ya mwaka, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Mzee wa Upanga
Naongezea kwa ufupi. Nyumba ya makazi ikipangishwa kwa kawaida haitozwi VAT (kodi ya ongezeko la thamani), lakini malazi ya kibiashara kama yako hayamo katika msamaha huo. Kinachokuokoa ni kwamba usajili wa VAT huanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, kwa upande wake, huanzia milioni 11 tu, kiwango ambacho fleti ya Mikocheni hukifikia upesi.

Mhasibu Kariakoo
Kuhusu shoga yako, yeye ana mzigo wa ziada. Kwa kuwa pango analolipa ni la biashara, anapaswa kuzuia 10% anapomlipa mwenye nyumba na kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akilipa miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wa jiji hili wanavyopenda, kwa shilingi milioni 1 kwa mwezi, anazuia 600,000 siku hiyo hiyo. Wenye nyumba wengi watadai milioni zao 6 kamili, kwa hiyo mkataba useme wazi kama pango lililoandikwa ni kabla ya zuio au baada yake, naye ampe mwenye nyumba cheti cha kodi ya zuio.